Upande wa Mlango, Upande wa Ukuta

Mzee wa Studio hakuwahi kumwambia mteja ageuke kushoto au kulia. Alisema, "Geukia mlango," au, "Geukia ukuta," basi. Studio yake pale Bondeni, Nakuru, ilikuwa chumba kimoja chenye mlango upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili, na aliyekaa kwenye stuli hakuwa na la kumchanganya. Siku niliyomuuliza sababu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Akaniambia kushoto kwake si kushoto kwa aliyekaa mbele yake, na kwamba ukimwomba mzazi akuonyeshe jino linalomuuma mtoto wake, atajigusa la kwake mwenyewe, na mara nyingi litakuwa la upande usiouma. Alisema ameharibu filamu nyingi kabla ya kulijua hilo.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ni kupiga taipu na fotokopi: barua za kazi, mikataba ya kukodisha shamba, programu za mazishi. Kati ya duka langu na lake palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hivyo nilimsikia akikohoa, akiimba nyimbo za kanisa bila maneno, na akiwagombeza waliotabasamu. Hakupenda watu watabasamu kwenye stuli yake. "Meno utaonyesha daktari," alikuwa akiwaambia, na mtu mzima aliyekuja na furaha zake anafunga mdomo na kutazama kamera kama amepelekwa kortini. Ajabu ni kwamba picha zikitoka, watu walikuwa wazuri. Sijawahi kupigwa picha nzuri na mtu mwingine tangu hapo.

Kwao ni wapi sikuwahi kumuuliza. Mwaka ule wa uchaguzi, swali hilo lilipoanza kuulizwa na kila mtu, nilishukuru kwamba sikulijua jibu. Ninachojua ni koti lake la kijivu, ambalo halikuvuliwa hata jua la Februari likiwaka, na chai yake isiyo na sukari, aliyokunywa akiwa amesimama. Alikuwa mchoyo wa chai. Miaka kumi na mmoja, sidhani alinimiminia vikombe vitano, na hata hivyo alichungulia birika kwanza. Lakini mfiwa hakulipa kwake hata senti. Mtu akija na kitambulisho cha marehemu au picha ya harusi ambamo marehemu amesimama nyuma ya watu kumi, alikuwa anaukata ule uso, anaukuza, anauchorea koti na tai kwa brashi, na siku ya mazishi unambeba mtu wako mbele ya jeneza akiwa nadhifu kuliko alivyowahi kuwa. Wengi wa wanaume wa Bondeni walizikwa na tai ambazo hawakuwahi kuzivaa.

Hapo ndipo alipokuwa na mambo mawili yasiyopatana, nami nilikuwa nikimtania sana kwa sababu yake. Kwenye karatasi alidanganya bila haya. Aliondoa chunusi, alijaza nywele, alimpa mlevi macho meupe. Ila filamu yenyewe, ile negative, haikuguswa. Kila moja aliiweka kwenye bahasha yenye jina na nambari, kwenye maboksi ya viatu yaliyopangwa hadi darini. Mwanamke mmoja alikuja akimtaka achome negative ya harusi yake, kwa sababu mume alikuwa amemtoroka. Mzee wa Studio alikataa. Yule mama alimtukana mpaka wateja wangu wakatoka nje kusikiliza, naye akawa anakunywa chai yake tu. Baada ya miaka sita alirudi, kapoa, anataka picha moja ya huyo mwanaume kwa sababu mtoto ameanza kuuliza baba yake anafanana vipi. Mzee alipanda kiti, akateremsha boksi.

"Karatasi ni ya mteja," aliniambia jioni ile. "Afanyiwe vile anataka. Lakini lazima pahali fulani mtu abaki vile alikuwa."

Jambo la pili nililomtania ni mwendo wake. Kovu moja usoni lilimchukua saa nzima na brashi yenye unywele mmoja. Baadaye nilielewa kwamba saa hiyo ndiyo iliyomfanya amjue mtu. Alikuwa akikutana na mtu sokoni baada ya miaka minane, jina limempotea, lakini anakwambia huyu ana alama ya kuchanjwa juu ya nyusi, upande wa ukuta. Hakukosea hata siku moja, na nilimjaribu mara nyingi.

Kisha filamu ikaanza kuadimika. Mhindi aliyemuuzia filamu tangu ujana wao, mwenye duka kule barabara kuu, alimwita akamwambia kama rafiki kwamba mzigo unaofuata hautakuja. Alimuuzia kamera ya dijitali kwa bei ya kuhurumiana. Kompyuta tulimtafutia mimi na huyo Mhindi, ya mtumba, yenye diski ndogo iliyojaa haraka. Hiyo ilikuwa mapema mwaka wa 2007, na mwezi mzima hakuwa na raha, alikuwa akiipangusa vumbi badala ya kuiwasha.

Swali likawa ni programu gani atumie kusafishia picha. Tulikuwa nazo mbili kwenye sidii, na kwa kuwa majina yake hayakumkaa mdomoni, aliziita Nzito na Nyepesi. Nzito ilikuwa na kila kitu. Kila ulichofanya ilikiweka juu ya picha kama tabaka jipya, na picha yenyewe ikabaki chini bila kuguswa, ukitaka unaondoa matabaka yote unampata mtu wako vile alivyokaa. Lakini kwenye kompyuta yake ilichukua muda kufunguka, na ikikasirika ilijifunga na kazi yote ikapotea. Nyepesi ilifunguka papo hapo. Ilikuwa na kitufe kimoja, unabonyeza, uso mzima unasafishika: chunusi, mikunjo, makovu, vyote. Ukimaliza, inahifadhi ile picha mpya mahali pa ile ya zamani.

Mzee alichukua daftari akagawa ukurasa mara mbili. Wiki mbili alijaribu hizi programu kwa uso wangu mimi, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Alipima muda kwa saa ya mkono. Aliandika Nzito inachosha macho, Nyepesi inafanya ngozi kuwa kama ya sahani. Kila jioni alinisomea alichoandika, na kila jioni nilijua anaelekea Nzito, kwa sababu ya yule mtu wa chini.

Mimi nilikuwa nimechoka. Kampeni zilikuwa zimeanza, wagombea udiwani walikuwa wanataka picha za mabango leo hii, na foleni yake ilikuwa inaziba mlango wangu. Nilimwambia kwamba atawapoteza wateja kwa vijana wapiga picha wa stendi. Nilimwambia huu si wakati wa brashi. Akakubali shingo upande, akaanza kutumia Nyepesi. Na siku moja, Nyepesi ilipomuuliza kwenye kioo kwa mara ya ishirini kama iifute picha ya kwanza na kuweka mpya, alinigongea mbao.

"Jirani, hii kitu inaniuliza nini kila saa?"

Nilienda. Nilisoma. Nilikuwa na mteja anayesubiri upande wangu.

"Inauliza kama ibadilishe ile ya zamani. Sema yes, Mzee. Ukisema no itakujazia kompyuta."

"Na ile ya zamani itaenda wapi?"

"Si uko na hii safi? Hiyo ingine ni ya nini?"

Kulikuwa na kiboksi kidogo chini, cha kuweka tiki ili programu isiulize tena. Nilishika mausi mwenyewe nikaweka tiki. Hakubisha. Alisimama nyuma yangu na kikombe chake, kisha akasema asante, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, na mimi nikarudi kwa mteja wangu nikijiona mjanja. Nimeifikiria tiki hiyo kuliko jambo lolote nililowahi kufanya kwa mkono huu.

Kuanzia siku ile kazi ilikwenda. Mwisho wa Novemba, kati ya wagombea na watoto wa shule, alikuja kijana wa Mama Mayai. Mama Mayai alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha na kachumbari mbele ya maduka yetu, mjane, na huyo ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na miaka miwili nyuma cheche ilikuwa imemrukia ikamwachia kovu la kuchomeka chini ya jicho. Alitaka picha ya kupeleka kuomba kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Mzee akampiga, akabonyeza kitufe, akamchapishia. Nilimsikia kijana akicheka kupitia mbao. "Mzee, leo nimekuwa msee wa ofisi," alisema. Alipita dukani kwangu kunionyesha, nikamwambia sasa atapata mke.

Yaliyotokea mwezi wa Januari, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kila mtu wa Nakuru anayo yake, na sina hamu ya kueleza yangu. Maduka yetu hayakuchomwa. Mzee wa Studio alikuwa ameibeba ile kompyuta mgongoni, imefungwa kwa shuka, akaificha kanisani, maboksi ya viatu akayaacha, na vyote viwili vikasalimika. Nyumba ya Mama Mayai iliteketea na kila kitu kilichokuwa ndani. Alivunjika mguu akikimbia, wakampeleka kambi ya wakimbizi ya Gilgil. Kijana wake hakuonekana tena tangu siku hiyo.

Februari, mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akizunguka kambini alikuja studio. Mama Mayai amelala chini, haezi kutembea, anaomba picha yoyote ya mtoto ili watu wa kanisa wamtafutie. Mzee wa Studio alifurahi, na mimi nilifurahi pamoja naye, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mwezi huo kwamba tulikuwa na kitu cha kumpa mtu. Alifungua kompyuta, kijana akatokea. Alichapisha nakala thelathini bila malipo. Zilipelekwa kambi zote, hospitalini, mochwari. Moja niliibandika mlangoni kwangu.

Walizunguka wiki tatu, na hakuna aliyemtambua. Mhudumu wa mochwari aliitazama picha akasema hana mtu kama huyo. Habari zilipofika Gilgil, tuliambiwa Mama Mayai aliimba. Hayuko kwa wafu, basi yuko mahali.

Alirudi Bondeni mwezi wa Machi, na fimbo. Nilimwona akija, nikatoka nje kumpokea, na kabla sijamsalimia macho yake yalikuwa yameshafika mlangoni, kwenye ile picha. Aliitazama sana. Kisha akainua mkono akaipapasa shavuni kwa kidole, upande huu, halafu upande huu.

"Nani alimtoa alama yake?" akaniuliza.

Mzee wa Studio alikuwa amesimama kwenye mlango wake na kikombe, na nilimwona akilikumbuka lile kovu. Waliokwenda kumtafuta hawakuwa wanamjua. Walikuwa wamebeba sura ya mtu asiye na kovu, na walikuwa wameuliza kuhusu mtu asiye na kovu.

Tulienda mochwari sisi watatu siku hiyo hiyo. Mhudumu aliposikia kovu la kuchomeka, alikaa chini, akafungua daftari lake. Alikuwepo mmoja. Mwanamume, miaka ishirini na kitu, kovu la kuchomeka chini ya jicho la kulia. Alikuwa amelala pale wakati picha zetu zinaletwa. Mwisho wa Februari alizikwa na wengine wasiojulikana, katika kaburi moja.

Nilidhani Mama Mayai ataanguka, nikamshika. Lakini alinyooka. Aliweka kidole kwenye shavu lake mwenyewe, la kushoto.

"Wangu ni huku," alisema. "Huyo wenu ni kulia. Huyo si wangu."

Mzee wa Studio alimwomba, kwa upole sana, aonyeshe tena. Akaonyesha tena huko huko, kushoto kwake. Mimi nilikuwa jirani wa Mzee miaka kumi na mmoja na nilijua anachofikiria. Yule mama alikuwa amemtazama mwanawe usoni kila siku ya maisha yake, na mtu aliyekaa mbele yako, shavu lake la kulia liko upande wa kushoto kwako. Huenda alikuwa akituonyesha shavu la mtoto, au huenda akituonyesha alichokiona akiwa amesimama mbele yake. Kipande kimoja tu cha ushahidi, ile picha ya kwanza, kingeweza kusema, na mimi ndiye niliyekiwekea tiki ya kukifuta.

Tulirudi studio. Alikuza ule uso mpaka ukajaza kioo chote. Chini ya jicho la kulia palikuwa laini, chini ya la kushoto palikuwa laini vile vile, ngozi ya sahani, hakuna hata kivuli. Fundi wa kompyuta kutoka mjini alikaa nayo siku mbili akitafuta ile picha ya kwanza, akasema imeandikwa juu, haipo. Kwenye maboksi ya viatu kulikuwa na negative ya kijana akiwa darasa la pili, uso wote mzima. Kitambulisho alikichukua kabla ya ajali. Karakana alikofanya kazi ilichomwa na wenzake wametawanyika, hatukumpata hata mmoja. Ndugu zake walioko magharibi walikuwa hawajamwona tangu aungue. Nikajiuliza mimi mwenyewe, niliyekuwa nikimuuzia fotokopi na kumtania kuhusu mke, na sikukumbuka. Nilikuwa nimelizoea lile kovu hata sikuliona.

Mama Mayai alikuwa akija kila Jumatatu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuua. Alikaa kwenye stuli.

"Mzee, wewe ndio ulimwangalia na kamera. Alama ilikuwa upande wa mlango ama upande wa ukuta?"

Kama ilikuwa upande wa mlango, basi ni shavu la kulia, na mwanawe yuko kwenye lile kaburi. Mzee aliyeweza kukuambia alama ya mtu aliyempiga picha miaka minane iliyopita alifunga macho, akasema amwache afikirie. Kwa brashi angekuwa amekaa saa nzima na kovu hilo. Kwa kitufe hakulitazama.

Alibadilika. Alifuta Nyepesi, akaanza kuwahoji wateja kabla hajawapiga, ana alama gani na iko wapi, anaandika daftarini, akiwagusa nyuso kwa kidole. Watu walianza kumwogopa. Wengine waliondoka kabla ya zamu yao. Mwezi wa Julai nilikuta mlango umefungwa na maboksi yamepakiwa kwenye pikapu, akaniambia anaenda Subukia kwa dada yake, anaomba nimwambie Mama Mayai bado anafikiria. Nilitaka kumwambia habari ya tiki siku hiyo. Nikamsaidia kufunga kamba badala yake.

Nilimfuata Subukia mwezi wa Desemba. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya dada yake, amekaa chini ya ukuta wa zizi, koti la kijivu limemlegea. Alinimiminia chai bila kuchungulia birika, na hapo nikajua hali ni mbaya. Nikamwambia nilichokwenda kumwambia: kwamba ni mimi niliyeweka ile tiki, kwamba yeye alikuwa amechagua Nzito na mimi ndiye niliyemharakisha, kwamba silali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuona ukiiweka," alisema. "Ningeitoa. Lakini kazi ilikuwa inaenda vizuri, jirani."

Tulikaa. Ng'ombe walirudishwa, wakakamuliwa. Kisha akaniambia kwamba Mama Mayai alikuwa amemfuata hadi pale wiki iliyotangulia, na fimbo yake, kutoka Bondeni. Hakuweza kumrudisha bila neno. Alikuwa amemwambia ukutani. Amemwambia amekumbuka vizuri kabisa, ilikuwa upande wa ukuta, shavu la kushoto, mtoto wake si yule wa kwenye daftari.

"Na ni kweli umekumbuka?" nikamuuliza.

Alitazama mikono yake. "Sijakumbuka kitu. Na sitakumbuka." Baadaye kidogo akaongeza, "Atakuuliza. Usimwambie."

Niliporudi Bondeni kesho yake, Mama Mayai alikuwa kwenye kibanda kipya, anamenya mayai. Kwenye msumari nyuma yake palikuwa na shati jipya la kiume, bado lina kibandiko cha bei. Alinivuta pembeni. Alitaka kujua kama nimemwona Mzee, kama akili yake iko sawa, kama bado anakumbuka vile alivyomwambia.

Nilimwambia nimemwona, na akili yake iko sawa.

"Na alisema ni upande gani?"

Nilitazama lile shati.

"Ukutani, mama," nikamwambia. "Alisema ukutani."